Montreal hadi Dodoma na watoto, kisha kurudi na mama: jibu kwa msomaji

Msomaji ameandika hivi:

"Shikamoo daktari. Mume wangu anafanya kazi kwenye shirika la kimataifa hapa Montreal, mkataba wa miaka minne, na mwajiri hutulipia tiketi za kwenda nyumbani mara moja kwa mwaka. Huwa tunaondoka mwezi wa saba kwa wiki tatu: kwanza Dodoma kwa mama yangu, kisha Masasi kwa wakwe. Kila mara wiki ya kwanza inapotea. Watoto (miaka mitano, na mwingine miezi kumi na minne) wanacheza sebuleni hadi saa tisa usiku, mimi nasinzia adhana ya alfajiri ikianza. Miguu yangu huvimba, na natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Rafiki amenishauri niwape watoto Piriton walale kwenye ndege. Safari hii tutarudi na mama, ana miaka 67, ana presha na kisukari, anachoma insulini asubuhi na jioni. Visa ameshapata. Jambo la mwisho: mwaka juzi baba alipofariki nilipanda ndege usiku uleule, nikafika mazishini kama mtu aliyelewa, na leo sikumbuki karibu chochote. Likitokea tena nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza mengi kwa pamoja. Mengine nitayajibu kwa kifupi, mengine nitakaa nayo kwa sababu naona watu wengi wanaumia kwa kukosa maelezo.

Nianze na usingizi. Mwezi wa saba Montreal iko nyuma ya Dodoma kwa saa saba. Saa tisa usiku, watoto wanaporuka kwenye makochi ya bibi yao, Montreal ni saa mbili usiku, wakati ambao kila siku huwa unawavalisha nguo za kulalia. Adhana ya saa kumi na moja inapokukuta bado uko macho, kule ni saa nne usiku. Kwa hiyo hakuna aliyeharibikiwa hapo. Nyote mnalala kwa wakati wenu uleule wa kila siku, ila ni wakati wa Montreal.

Ndani ya ubongo, karibu na mahali mishipa ya macho inapopishana, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoongoza usingizi, joto la mwili, njaa, hata muda wa kwenda haja. Kazi ya kuonyesha jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya seli ndiyo iliyowapa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kidogo, na ndiyo maana kuchelewa kulala ni rahisi kuliko kuwahi. Anayekwenda magharibi anairefusha siku yake na mwili unakubali. Anayekwenda mashariki, kama nyinyi mnapokuja nyumbani, anaifupisha na mwili unagoma. Kuelekea mashariki mwili husogea takriban saa moja kwa siku. Saa saba zinahitaji wiki, na hiyo ndiyo wiki yenu.

Kinachoisogeza saa hiyo kwa nguvu kuliko kitu kingine chochote ni mwanga. Hapa naomba unisome taratibu, kwa sababu ushauri unaotolewa kila mahali, kwamba ukifika tu ushinde juani tangu asubuhi, kwa safari yako unarudisha nyuma badala ya kusogeza mbele. Kila usiku joto la mwili hushuka hadi kiwango cha chini kabisa, saa mbili au tatu kabla ya muda uliozoea kuamka. Mwanga unaokufikia baada ya hapo unauambia mwili uwahi, na unaokufikia kabla ya hapo unauambia uchelewe. Kama Montreal unaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kiwango hicho kiko karibu na saa kumi usiku ya kule, ambayo Dodoma ni saa tano asubuhi. Ukikaa kwenye jua la Dodoma saa moja asubuhi siku ya kwanza, mwili unaona jua limechomoza katikati ya usiku, nao unajisogeza kwenda upande usioutaka.

Basi siku ya kwanza fungeni mapazia, na ukilazimika kutoka vaa miwani ya jua, hadi saa tano. Kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni kaeni nje. Si lazima mchomwe na jua: kivuli cha mwembe uani kina mwanga mkubwa mara nyingi kuliko sebule yenye taa. Siku ya pili anzeni kutoka saa nne, ya tatu saa tatu, ya nne saa mbili. Baada ya hapo asubuhi ni yenu. Siku ya kwanza waache watoto walale hadi saa nne au saa tano, lakini wasipitilize hapo, na usingizi wa mchana wa mdogo uishe kabla ya saa kumi. Wakiamka usiku wana njaa, wapeni uji au ndizi kwenye mwanga hafifu, bila televisheni na bila simu.

Ugumu wa mpango huu hauko kwenye sayansi, uko kwenye mapokezi. Bibi ataamka alfajiri, atafungua madirisha yote, majirani watakuja kutoa salamu, na binti aliyetoka ng'ambo kukutwa amelala saa tatu asubuhi kunaweza kueleweka vibaya. Mpigie mama simu wiki moja kabla, umweleze kwamba siku mbili za kwanza wageni waje alasiri. Akielewa sababu yeye mwenyewe atasimama mlangoni. Na hizo siku mbili ziandikeni ndani ya ratiba ya likizo kama mnavyoandika safari ya Masasi, maana nimeona familia nyingi zinapanga harusi, vikao na ziara kuanzia kesho yake, halafu wanashangaa watoto wanaugua.

Mkiweza, siku tatu kabla ya kuondoka wawahisheni watoto kulala kwa nusu saa hadi saa moja kila siku, na asubuhi muwaamshe mapema muwatoe nje. Mwezi wa saba Montreal jua huzama saa mbili na nusu usiku hivi, kwa hiyo mtahitaji mapazia mazito. Ndege nyingi za kwenda mashariki huondoka jioni. Lala mara tu mnapokuwa angani, hata kama chakula hakijaletwa. Hilo la chakula ni gumu kwa wengi kwa sababu tiketi imelipiwa, lakini saa tano za usingizi zina thamani kuliko sahani ya wali.

Melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kama vidonge, inaweza kukusaidia wewe na mume wako. Kanada inauzwa famasi bila cheti cha daktari. Miligramu 0.5 hadi 3 zinatosha. Dozi kubwa zaidi huongeza usingizi kidogo tu na uzito wa kichwa asubuhi. Meza saa tatu usiku ya Dodoma kwa usiku nne za kwanza, kisha acha. Usiijaribu kwa mara ya kwanza ukiwa safarini, jaribu usiku mmoja nyumbani. Mtu mwenye kifafa au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aongee na daktari wake kwanza. Watoto wako usiwape. Umri wao mwanga na ratiba vinatosha.

Kabla hatujaacha safari ya kuja, neno moja kuhusu barabara. Hatari kubwa ya safari yenu kwa maoni yangu haiko angani, iko kati ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam na Dodoma, kilomita 450 hivi, iwapo shemeji atawapokea usiku na mkaamua kuunganisha moja kwa moja. Yeye amekesha akiwasubiri, nyinyi mmechoka, na mume wako atajitolea kumpokea usukani akiwa hajalala vizuri tangu Montreal. Kwa wasafiri wenye afya njema ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo, kuliko magonjwa mengi yanayoogopwa. Laleni Dar es Salaam. Tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme hadi Dodoma, mnapanda kesho yake na watoto wanalala kwenye viti. Masasi pia, msiende siku mbili tu baada ya kutua.

Sasa miguu. Ikivimba yote miwili, bila maumivu, na kushuka ndani ya siku moja au mbili, ni maji yaliyoteremka kwa sababu ya kukaa muda mrefu, hayana madhara. Ninachokuhofia ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani wa mguu. Mradi wa utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoa ripoti mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya zaidi ya saa nne, iwe ya ndege, basi au gari, huongeza uwezekano huo karibu maradufu. Kwa mtu mwenye afya bado ni mdogo, mtu 1 kati ya 6,000 hivi. Lakini vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huongeza uwezekano huo, na vivyo hivyo ujauzito, kipindi cha wiki chache baada ya kujifungua, upasuaji wa karibuni, saratani, unene uliokithiri, na historia ya kuganda damu kwako au kwa ndugu wa damu. Angalia pakiti yako. Kama vina projestini peke yake tatizo ni dogo sana. Kama vina estrojeni na kuna ndugu aliyewahi kuganda damu, muone daktari kabla ya safari mzungumze njia nyingine; usiviache ghafla mwenyewe ukajikuta na mimba.

Chukua kiti cha kando ya njia, simama kila baada ya saa moja au mbili unapokuwa macho, kunja na kunjua vifundo vya miguu ukiwa umekaa. Soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zilizopimwa kwenye mguu wako, zinasaidia kweli, za kiwango cha mmHg 15 hadi 30 kinachoandikwa kwenye pakiti. Zikiwa ndogo na kubana juu kuliko chini zinaleta madhara. Usimeze aspirini kwa ajili ya safari tu. Na usinywe dawa ya usingizi ukalala saa nane umejikunja bila kugeuka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au ukipata maumivu ya kifua na kuhema, hata wiki mbili tatu baada ya kutua, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie ulisafiri.

Kuhusu Piriton jibu langu ni hapana, na namwambia hivyo kila mzazi. Ile dawa ni ya mzio. Usingizi wake ni athari ya pembeni, na kwa baadhi ya watoto huleta kinyume chake: mtoto anachangamka, analia, hatulii, na mmebakiza saa kumi za safari. Promethazini, ambayo wengine huipenda kwa kuwa ni kali zaidi, haipaswi kabisa kupewa mtoto chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Ndani ya ndege hewa ina oksijeni pungufu kuliko tuliyoizoea. Ni kama mtu aliyepandishwa hadi Njombe, au juu zaidi kidogo. Hapo si mahali pa kumpunguzia mtoto mdogo nguvu ya kuhema. (Kwa msomaji mwingine mwenye mtoto wa selimundu: hewa hiyo hiyo ni sababu ya kumuona daktari wenu wa damu kabla ya kununua tiketi, achilia mbali kupanda.)

Mdogo aombewe kile kitanda kidogo cha watoto kinachofungwa ukutani mwa ndege mapema, wakati wa kukata tiketi, ingawa kwa miezi kumi na minne huenda ameshazidi uzito unaoruhusiwa. Ndege inapoanza kushuka, ambako ni kama nusu saa kabla ya kutua, mnyonyeshe au mpe kikombe anywe taratibu ili masikio yafunguke. Mkubwa mpe pipi ya kunyonya. Mtoto mwenye sikio linalouma au mafua makali apimwe kwanza.

Nije kwa mama. Presha na kisukari havimzuii kusafiri ikiwa vimetulia. Kipimo chepesi: kama anatembea mita hamsini na kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama kupumzika na bila kifua kumuuma, moyo wake utaivumilia ndege. Akishindwa, aonwe na daktari mapema, si wiki ya safari.

Insulini ndiyo inayohitaji hesabu. Akienda Montreal atakuwa na siku yenye saa 31. Dozi mbili za kila siku haziwezi kuifunika siku ya namna hiyo yote, na daktari wake anaweza kuamua kumwongezea dozi ndogo katikati. Kiasi hicho akiseme yeye anayemjua, na akiandike kwenye karatasi. Ninachoweza kukuambia mimi ni utaratibu. Saa ya mkononi ya mama ibaki kwenye wakati wa Dodoma hadi mtakapotua Montreal. Apimwe sukari kila baada ya saa nne hadi sita. Na asichome insulini mpaka chakula kiwe mbele yake, kwenye sahani, si kwa kusikia harufu wala kuona toroli linakuja, kwa sababu ndege ikianza kuyumba huduma husimama, naye ameshachoma. Sukari ikipanda kiasi kwa siku moja si balaa. Ikishuka angani mkiwa mbali na hospitali ni hatari. Mfukoni mwake kuwe na glukosi au pipi na biskuti, si kwenye mkoba wa juu. Msimwagizie mlo maalumu wa kisukari wa ndege; mara nyingi una wanga kidogo kuliko insulini yake inavyohitaji.

Insulini yote, vipimo na dawa za presha viwe kwenye mkoba wa mkononi. Kwenye sehemu ya mizigo insulini inaweza kuganda ikaharibika, na begi linaweza kwenda mji mwingine. Mwombe daktari wake barua ya Kiingereza yenye majina halisi ya dawa na kutaja sindano. Na mkague mfuko wake wa dawa kabla ya kuondoka. Wazee wetu wengi wana vidonge vya magoti walivyopewa na jirani, na ndani yake mara nyingine mna tramadoli au kodeini. Nchi za Ghuba zina sheria kali juu ya dawa hizo, na mkiunganishia Doha au Dubai hamtaki mama asimamishwe hapo. Asiyeandikiwa na daktari asizibebe.

Kuna tabia ya akina mama wa umri wake ambayo lazima uiulize kwa upole, kwa sababu hatakuambia. Akiona choo cha ndege ni kidogo na majirani wamelala, ataacha kunywa maji na kuruka kidonge cha presha kinachokojoza. Matokeo yake ni kizunguzungu, presha kupanda, na damu nzito kwa mtu ambaye umri wake tayari unamweka kwenye hatari ya kuganda. Mkalishe kando ya njia, karibu na choo, na wewe uwe unamwambia "mama twende" badala ya kusubiri aombe. Omba kiti cha magurudumu angalau siku mbili kabla. Ni huduma ya bure, na hata mzee anayetembea vizuri nyumbani atashukuru kwenye viwanja vile vikubwa. Kituo cha kuunganisha kiwe na saa tatu au nne, mpate muda wa kutembea na kumpima. Soksi za kubana kwake zisubiri ruhusa ya daktari, maana mwenye kisukari anaweza kuwa na mishipa ya damu iliyoziba miguuni bila kujua.

Mkateni pia bima ya afya ya msafiri kabla hajaondoka, inayokubali magonjwa aliyonayo tayari. Someni kipengele hicho neno kwa neno. Kulazwa siku chache kwa mgeni asiye na bima kule ni deni la familia nzima.

Kurudi kwenyewe ni rahisi kwa usingizi. Siku za kwanza Montreal mtazidiwa na usingizi saa tisa alasiri na kuamka saa tano au sita usiku. Safari hii mwanga mnaoutaka ni wa jioni: tokeni alasiri, mkae bustanini hadi jua lizame, ambalo mwanzoni mwa mwezi wa nane huzama baada ya saa mbili usiku. Mkiamka usiku wa manane msiwashe taa wala simu. Siku nne au tano zinatosha. Mume wako asipange kikao kizito siku mbili za mwanzo, na kama ni yeye anayeendesha gari kwenda kazini, apande treni ya chini ya ardhi siku hizo.

Sasa la msiba. Nimeliacha hadi hapa makusudi ili nisilipitie haraka.

Kutokumbuka kwako si ukosefu wa mapenzi kwa baba, na kama umekuwa ukijilaumu naomba uache. Ubongo huhifadhi kumbukumbu wakati wa usingizi. Mtu aliyepokea habari ya kifo, akafungasha akilia, akasafiri karibu siku nzima bila kulala, akashukia kwenye vilio na watu mia wa kusalimia, ubongo wake haukuwa na nafasi ya kuhifadhi kitu.

Likitokea tena, kabla hujanunua tiketi piga simu moja uulize: mazishi ni lini, na yanaweza kusubiri? Kwa Waislamu maiti huzikwa upesi, mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake, na kutoka Montreal huwezi kuwahi hata ukikimbia. Kulijua hilo kabla ya kuondoka kunauma, lakini kunakuruhusu kulala usiku mmoja, kupanga watoto, na kufika ukiwa mzima, ukae na mama kwenye siku ambazo wengine wameanza kutawanyika. Kwa familia za Kikristo mwili mara nyingi hukaa mochwari kusubiri watoto wa mbali. Omba usiku mmoja kamili kati ya kutua kwako na mazishi. Useme wazi kwamba unaomba hivyo ili uweze kumzika mzazi wako ukiwa na akili zako. Sijaona ukoo uliokataa ulipoelezwa. Tatizo ni kwamba aliye mbali huona aibu kuomba, na walioko nyumbani hawajui safari hiyo ilivyo.

Kama utakaa siku tatu au nne tu, usihangaike kuisogeza saa ya mwili. Lala vipande vipande unapopata, kula hata kama hutaki, kunywa kahawa kabla ya ibada. Akitokea mtu mwema wa kukupa diazepamu "utulie kwenye ndege", mshukuru na usiipokee. Utalala bila kugeuka kwa saa nyingi, na usingizi huo hauponyi uchovu. Mtu akupokee uwanjani na mtu huyo awe amelala. Ukirudi, mwajiri aombwe siku kadhaa za ziada, maana majonzi ya aliye mbali mara nyingi humshukia akiwa amesharudi kwenye nyumba isiyo na waombolezaji.

Na kuna maandalizi ambayo unaweza kuyafanya leo bila kumtakia mtu mabaya: pasipoti zenu zisipungue miezi sita ya uhai, akiba ya tiketi moja iwe mahali inapofikika, rafiki mmoja wa Montreal awe amekubali kubaki na watoto, na dozi kamili ya vidonge vya kuzuia malaria iwe kabatini.

Hilo la mwisho linahusu safari zenu zote. Sisi tuliokulia Tanzania tunaamini miili yetu imeizoea malaria. Kinga ile ilijengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara, na hupungua ndani ya miezi ukishahama. Watoto wako, kwa umri wao, hawana kabisa. Dodoma maambukizi ni machache, lakini mkoa wa Mtwara, iliko Masasi, ni kati ya mikoa yenye mengi nchini. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia, humezwa kila siku pamoja na chakula au maziwa, na huendelea siku saba baada ya kuondoka. Ndiyo maana unafaa hata kwa safari ya ghafla. Dozi ya watoto hupangwa kwa uzito, kwa hiyo wapelekeni kliniki ya wasafiri wiki sita kabla, wakaangaliwe na chanjo, hasa surua. Cheti cha homa ya manjano hakihitajiki kwa anayetoka Kanada kupitia Doha, lakini mkilala Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa kumi na mbili mtaulizwa.

Kumbuka pia kwamba mbu wa malaria huuma usiku, na watoto wako wiki ya kwanza wako sebuleni hadi saa tisa usiku, nje ya chandarua. Mpaka usingizi wao ukae sawa, kuanzia magharibi wavae mikono mirefu na soksi, na wapakwe dawa ya kufukuza mbu.

Mkisharudi, mtu yeyote kati yenu, mama akiwemo, akipata homa ndani ya miezi mitatu, hata kama inafanana na mafua na hata kama alimeza vidonge vyote, aende hospitali siku hiyohiyo. Mkifika mapokezi msisubiri kuulizwa. Semeni mmetoka Tanzania na mnataka kipimo cha malaria. Kipimo cha kwanza kikiwa safi na homa ikaendelea, ombeni kirudiwe ndani ya saa 12 hadi 24.

Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie barua ya daktari aichukue mwezi huu.